Harusi ya Jukwaani na Harusi ya Rumonge

Rumonge, 14 Januari 2024

Mwanangu Nasiri,

Assalamu alaykum. Mimi shangazi yako ni muzima. Mgongo unauma asubuhi tu. Nikishaanza kukanyaga cherehani unanyamaza. Mvua imenyesha vizuri, michikichi ya upande wa Bugarama imezaa, na mtaa mzima unakusalimia, hata wale uliogombana nao utotoni.

Naandika kwa mkono kwa sababu nikipiga simu hapa kwenye kibanda changu, wateja wote wanafunga midomo ili wasikie. Jambo la leo sitaki walisikie. Barua nimempa Cikuru, yule anayeleta vipuri vya magari kutoka Brussels. Amesema atakuwa huko kabla ya mwisho wa mwezi.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu uliponiambia kwamba sasa wewe ni direkteri kwenye opera, niliwaambia watu. Mutoto niliyemlea tangu ana miaka tisa, baada ya kaka yangu Alimasi kufariki, leo ni direkteri Ulaya, nami ninyamaze? Sasa wanakuja. Jumatatu alifika baba mmoja na dosie ya makaratasi, diploma yake ndani ya plastiki, anaomba umpe kazi ya udereva kwenye kampuni yako. Kesho yake mama mmoja akaniuliza kama opera ni mahali pa kufanyiwa operasheni, kwa sababu ana uvimbe shingoni. Nilimwambia siyo. Akasema, basi ni nini? Niliinama nikajifanya natafuta sindano.

Niandikie kwa maneno ya kawaida. Ukiamka asubuhi unakwenda wapi, na ukifika unafanya nini, kwa mikono au kwa mdomo.

Habari nyingine hakuna. Mzee Waziri, yule anayeuza ndagala kavu wa ziwani karibu na bandari, aliyefiwa na mke miaka sita iliyopita, ameleta tena shati yake ya bluu nimushonee vifungo. Mara ya tatu tangu Desemba. Nyuzi zimekatwa sawasawa kama kwa wembe. Sijui nyumbani kwake iko panya wa namna gani.

Shangazi yako,
Asiya binti Ramadhani


Namur, 25 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Wa alaykumu ssalam. Barua yako ilikaa kwa Cikuru wiki tatu kwa sababu alikuwa na homa, hadi nikaenda mwenyewe Brussels kuichukua. Niliisoma ndani ya treni, na mama aliyekaa mbele yangu akaniuliza nacheka nini. Mimi ni mzima. Baridi bado ipo. Mawese uliyonipa yamebaki robo chupa, nayatumia kama dawa.

Sasa kazi yangu. Opera ni hadithi inayoigizwa jukwaani, ila watu hawasemi, wanaimba. Mtu akigombana na mumewe, anaimba. Akichomwa kisu, haanguki mpaka amalize kuimba. Muziki umeshatungwa zamani na mtu mwingine, na yuko kiongozi wa wapiga ala. Mimi kazi yangu ni kuamua nani aingie kwa mlango gani, amtazame nani, akae au asimame, na kwa sababu gani. Waimbaji wananijia wakiwa wamehifadhi kila nota, lakini hawajui waweke wapi mikono. Tunafanya mazoezi kila siku kwa wiki sita au zaidi. Siku watazamaji wanapoingia, mimi nimeshamaliza. Huku wanatuita metteur en scène. Kwa Kiswahili tuseme mwongozaji. Sina kampuni, Shangazi, sina biro ya kufanyia kazi, na gari sina. Waambie kwa upole.

Kuna mengine sikukueleza kwa kuona aibu. Baada ya chuo cha Liège, miaka saba nilikuwa msaidizi tu. Nilikaa pembeni na kitabu cha nota na penseli, nikiandika kila hatua ya kila mwimbaji, ili mwongozaji akisahau nimkumbushe. Nimeandika hatua hizo katika opera kumi na tisa za watu wengine. Za kwangu zilikuwa michezo midogo, kwenye kumbi za shule na kwenye kanisa moja lisilotumika tena. Hii ya mwaka huu ndiyo opera yangu ya kwanza nzima, katika jumba dogo kaskazini ya Ufaransa. Mwanamke anayesimamia jumba hilo aliona mchezo wangu wa kanisani, akanipigia simu.

Hadithi yake ni ya mjane mwenye nyumba ya wageni kwenye kisiwa. Miaka kumi anakataa kuolewa, kisha anakubali. Sehemu ya tatu ni harusi yake, na hapo ndipo nimekwama. Wanakwaya arobaini wanasimama mistari miwili wakiimba furaha, lakini ukiwatazama utadhani wanasubiri kuitwa kwa daktari. Nimewabadilisha mara tano. Wewe umeshona nguo za harusi za Rumonge zaidi ya miaka thelathini, na harusi zote unaalikwa. Niambie, watu kwenye harusi wanafanya nini hasa?

Mwanao,
Nasiri


Rumonge, 20 Machi 2024

Mwanangu Nasiri,

Ramadhani njema. Huku tunafunga vizuri, jua si kali. Nimeambiwa huko siku zinarefuka, Mungu akupe nguvu. Baba wa dosie nimemweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama unaamua watu wasimame wapi, basi wewe ni mukubwa kuliko direkteri. Ameacha dosie hapa hata hivyo.

Harusi. Nimefikiri siku mbili nikiwa nakata vitambaa, na nakujibu kama fundi.

Kwanza, hakuna anayemtazama bibi harusi muda mrefu. Kila mwanamke anamtazama mara moja, kisha anajitazama mwenyewe, anavuta gauni lake kidogo. Aliyevaa nguo inayombana anacheka kwa macho tu, anaogopa zipu, na fundi aliyemshonea anamfuata nyuma na pini mdomoni. Huyo ni mimi. Mama wa bwana harusi haimbi hata kidogo. Anaangalia sahani kama zitafika mpaka safu ya mwisho. Yuko ndugu mmoja anayelia, na mwingine anayemwambia acha kulia unaharibu rangi ya macho. Wapishi wakisikia vigelegele wanatoka jikoni wote, mikono imelowa, wanaifuta kwenye kanga, wanaona kidogo, wanarudi mbio kwa sababu wali unaungua. Baada ya muda wanatoka tena.

Watu wako wamesimama mistari miwili kwa sababu hukuwapa kazi. Kwenye harusi kila mtu ana shughuli. Wape shughuli, furaha itakuja yenyewe.

Nina swali juu ya huyo mjane. Aliyetunga ameandika kwa nini alikubali baada ya miaka kumi? Na majirani walisemaje? Alikuwa na umri gani? Nauliza tu kwa kuwa hadithi ni nzuri.

Halafu siku ya kwanza ya hiyo opera ni tarehe ngapi?

Mzee Waziri anakusalimia. Amekuwa akituletea sangala wa futari, mimi na majirani. Majirani wanasema hawakuwahi kuletewa samaki na muteja wa fundi.

Shangazi yako,
Asiya


Namur, 21 Aprili 2024

Shangazi,

Idi imepita, natumaini mlikula vizuri. Mimi Idi nilikuwa mazoezini, lakini fundi mmoja wa taa, Mmorocco, alileta keki tukala sote nyuma ya jukwaa.

Barua yako niliwatafsiria wanakwaya wote, neno kwa neno. Walicheka, kisha wakaanza kugombea kazi. Bibi mmoja wa sauti ya chini, anaitwa Elda, baba yake alitoka Bukavu, akasema yeye anachukua mpishi wala asishindane naye mtu. Tulifanya mara moja tu na kila kitu kikabadilika. Wapishi wanatoka mara tatu wakati wa wimbo. Fundi yupo na pini mdomoni, ingawa anaimba kwa shida. Kiongozi wa muziki aliweka fimbo chini akatazama. Shangazi, nimefanya kazi hii miaka kumi na mbili, na sijawahi kufurahi mazoezini namna hiyo.

Anayesumbua ni mwimbaji mkuu, anayeigiza mjane. Ni mwenye jina kubwa. Anasema hawezi kuimba nota yake ndefu huku watu wanatoka jikoni nyuma yake. Tutaelewana.

Umeuliza kwa nini mjane alikubali. Mtunzi hakuandika. Anaimba tu neno "sasa" mara nne, kila mara juu zaidi. Mimi nimemwambia mwimbaji kwamba mwanamke huyu amechoka kula peke yake. Umri wake haukutajwa. Majirani wanashangilia, kwa sababu ndio kwaya.

Siku ya kwanza ni Jumamosi tarehe 8 Juni.

Mwanao,
Nasiri


Rumonge, 26 Mei 2024

Nasiri mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni muzima, ila barua hii itakuwa fupi. Ziwa limepanda mwaka huu kuliko tulivyozoea. Nyumba za chini karibu na bandari zimeingia maji, na wenyewe wamehamia kwa ndugu. Kwangu huku juu hakuna neno. Mzee Waziri, maji yalifika mlangoni kwa stoo yake, akaniomba aweke magunia ya ndagala kibandani kwangu wiki moja. Sasa ni wiki ya tatu. Gauni mbili za bibi harusi zimetoka hapa zinanuka samaki. Niliwaambia wenyewe waanike juani.

Kuhusu kuchoka kula peke yake, huyo mwimbaji mwambie siyo hivyo. Mtu anaweza kula peke yake miaka na asichoke. Ila akija mtu anayekuchekesha unaposhika mkasi, mpaka unakata kitambaa vibaya, hapo ndipo unakasirika, halafu ukifika nyumbani unakuta nyumba ina kimya ambacho jana hakikuwepo. Mwambie aimbe hivyo.

Kuna jambo dogo nilitaka kukuambia. Linaweza kungoja mpaka umalize kazi yako. Usiulize kwa simu, maana sitajibu.

Tarehe 8 Juni nitakuombea dua kuanzia asubuhi.

Shangazi yako


Namur, 12 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Asante kwa dua. Opera ilifunguliwa Jumamosi. Ukumbi ulijaa na watu walipiga makofi muda mrefu. Magazeti mawili yameandika vizuri.

Hali ya hewa imekuwa nzuri. Nimenunua viatu vipya. Cikuru anaondoka kesho, ndiyo maana naandika kwa haraka. Pole kwa maji. Msalimie Mzee Waziri.

Nasiri


Rumonge, 9 Julai 2024

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimekulea, Nasiri. Ulipokuwa darasa la tano ulikuja ukaniambia "shule ilikwenda vizuri, jua lilikuwa kali," na kumbe ulikuwa umefukuzwa. Sasa unaniandikia magazeti na viatu. Hukuandika ulikaa wapi siku hiyo. Hukuandika Elda alitokaje jikoni. Iko nini?

Ili iwe rahisi kwako kusema, nitasema la kwangu kwanza.

Mzee Waziri amenitaka ndoa tangu Januari. Vifungo alikuwa anavikata mwenyewe, amekiri. Nilimwambia mimi nina miaka hamsini na saba, nimekaa mjane miaka kumi na minne, nina cherehani yangu na usingizi wangu. Alisema hataki kunivuruga usingizi, anataka tu kuwa karibu ninapoamka. Nilimfukuza kibandani. Kesho yake akarudi na shati.

Mwezi wa tatu nilimkubalia. Nilikwenda kwa Shekhe Kassimu kumuuliza taratibu, akaniambia: "Asiya, baba yako amefariki, na kaka yako amefariki. Wali wako wa kukuozesha ni Nasiri." Nikasema Nasiri yuko Ulaya, ana kazi kubwa mbele yake. Shekhe akasema yaweza kuandikwa karatasi ya uwakilishi, utie sahihi, naye aniozeshe kwa niaba yako. Ndiyo maana nilikuuliza tarehe. Sikutaka uache kazi ya maisha yako uje kumuozesha mama mzima. Nikaona tungoje umalize, halafu nikuombe karatasi.

Sasa umemaliza. Usije, safari ni ndefu. Andika karatasi tu, umpe Cikuru. Waziri anasema hana haraka, lakini jana kakata vifungo vya kanzu.

Shangazi yako anayekupenda,
Asiya


Namur, 30 Julai 2024

Shangazi yangu,

Nilikuwa nimesimama jikoni niliposoma barua yako, nikakaa chini sakafuni. Nilicheka, kisha nikaona haya kwa yale niliyokuficha, kisha nikacheka tena kwa ile kanzu.

Tarehe 17 Mei waliniondoa kwenye opera. Mwimbaji mkuu alikataa kabisa wapishi. Alisema wabaki jikoni au yeye aondoke. Msimamizi wa jumba alinitaka niwarudishe wanakwaya kwenye mistari miwili. Nilikataa, na hapo ningeweza kukataa kwa adabu, lakini nilimwambia mwimbaji mbele ya wote kwamba sauti yake ni nzuri na mwili wake ni samani. Lilikuwa neno baya, na nililisema kwa sababu nilijua nimeshashindwa. Jioni ile wakaniambia nisirudi. Walileta mwongozaji mwingine, na jina langu likatolewa kwenye karatasi zote. Tangu siku hiyo niko nyumbani. Barua yako ya Mei ilinikuta niko nyumbani. Tungeweza kukuozesha mwezi wa sita, Shangazi, sikuwa na shughuli yoyote duniani. Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa umeshaiambia Rumonge nzima.

Lakini sikiliza yaliyotokea baadaye. Tarehe 23 Juni, Jumapili mchana, lilikuwa onyesho la mwisho. Nilinunua tiketi ya juu kabisa, nyuma ya nguzo. Sehemu ya tatu ikafika. Kweli walisimama mistari miwili, kama walivyoamriwa. Muziki ukaanza. Halafu nikamwona Elda akitoka kwenye mstari. Akaenda nyuma polepole, akapotea, na kidogo akatokea mlangoni akifuta mikono kwenye nguo yake. Akatazama harusi, akakimbia kurudi. Wa pili akamfuata. Fundi akatoa pini mfukoni, alikuwa nazo. Ndani ya wimbo ule ule wote arobaini wakawa na shughuli. Hakuna aliyewaagiza. Mwimbaji mkuu alisikia watu wanacheka ukumbini, akageuka, na nilidhani ataacha kuimba. Akamwona Elda na mikono yake iliyolowa. Akatabasamu, Shangazi, siyo tabasamu la jukwaani, la kweli, na nota yake ndefu akaiimba akimtazama mpishi. Sijasikia akiimba vizuri kuliko pale.

Nilimngojea mlangoni baada ya onyesho, huyo mwimbaji, nikamwomba radhi. Alisema, "Samani imesogea leo." Tukapeana mikono.

Karatasi sitaandika. Nimekata tiketi. Nafika Bujumbura tarehe 12 Septemba. Mwambie Mzee Waziri aache wembe.

Wali wako,
Nasiri


Rumonge, 13 Oktoba 2024

Mwanangu Nasiri,

Sasa natuma salamu kutoka nyumba ya watu wawili. Ulipoondoka kibanda kilikuwa kitupu, mpaka wateja walishusha sauti. Waziri ni muzima. Anaamka kabla yangu, anachemsha chai, anaweka sukari nyingi mno, nami nakunywa.

Mulikuwa msikitini wanaume, mimi nilikuwa ndani na wanawake, kwa hiyo kuna nusu ya harusi hukuiona. Nakuandikia, wewe utaniandikia nusu yako.

Ijumaa ile, baada ya kunivika, walinikalisha kitandani wakaniambia nisisogee. Miaka thelathini nimewaambia mabibi harusi maneno hayo hayo, na sikujua ni magumu hivyo. Gauni nilijishonea mwenyewe, na bega la kushoto lilivuta kidogo. Niliomba mkasi, wakaninyima. Niliomba sindano, wakaninyima. Jirani yangu akasema, "Leo wewe siyo fundi, kaa." Nikakaa. Kisha tukasikia vigelegele vimeanzia nje, nikajua imekwisha, umeshasema. Wapishi wakatoka jikoni wote. Niliwaona kupitia dirishani, wanafuta mikono. Nilitaka kucheka na machozi yakatoka, na mmoja akaniambia acha kulia unaharibu rangi ya macho.

Nilikuwa naolewa mara ya pili, na mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa sikujua ninachopewa. Safari hii nilijua.

Niambie ya msikitini. Waziri nimemuuliza, anasema hakumbuki chochote.

Asiya, mke wa Waziri


Namur, 24 Novemba 2024

Shangazi, na wewe Mzee Waziri ambaye najua unasomewa,

Amahoro kwenu. Mvua ya huku ni ya baridi, lakini mimi nina joto la Septemba bado.

Nusu yangu ni fupi. Shekhe Kassimu alikuwa amenifundisha maneno asubuhi, mistari miwili tu. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwakumbusha watu wakati wao wa kuingia, ulipofika wakati wangu niliupitisha. Nilikuwa namtazama Mzee Waziri. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, kama mtu aliye ndani ya boti yenye mawimbi, na jasho linamtiririka. Niliwaza, huyu mtu anataka jambo hili kwa moyo wake wote, na lazima nimpe mimi. Shekhe akakohoa. Akakohoa tena. Mara ya tatu akaninong'oneza, "Nasiri, wewe." Ndipo nikasema: "Nimekuozesha shangazi yangu Asiya binti Ramadhani kwa mahari mliyokubaliana." Mzee Waziri alijibu kabla sijamaliza neno la mwisho, Shekhe akamrudisha aseme upya. Alisema upya kwa sauti iliyosikika barabarani. Nimesikia waimbaji wengi wakubwa, na sauti ile sitaisahau.

Sasa habari yangu. Siku mbili baada ya harusi, nilipokuwa Bujumbura nangoja ndege, nilikutana na mwanamke anaitwa Dusabe, anafundisha kwaya ya kanisa. Ameandika opera, muziki na maneno, kwa Kiswahili. Ameiandika jikoni kwake miaka minne bila kumwambia mtu, akidhani hakuna wa kuiongoza. Ina waimbaji sita na ngoma. Alinipa daftari, nimelisoma ndani ya ndege, na tangu hapo silali vizuri kwa furaha. Ukumbi mmoja hapa Namur umekubali kutusaidia, kwa sharti kwamba baadaye tuilete huku. Lakini nimewaambia itaanza Rumonge, mchana, kwenye ule uwanja wa kiwanda cha mawese, mwezi wa nane kukiwa hakuna mvua.

Nahitaji fundi wa mavazi. Nasikia wewe una mikono.

Mwanao,
Nasiri


Rumonge, 17 Agosti 2025

Mwanangu Nasiri,

Najua uko Bujumbura tu, na wiki ijayo unaondoka na Dusabe na waimbaji wote kwenda Namur. Lakini uliniachia kazi kabla ya kupanda basi, na simu haifai kwa kazi hiyo. Ulisema, "Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nashikilia mlango usiangushwe na upepo wa ziwa. Sikuona watu. Niandikie watu walifanya nini." Nakuandikia.

Kwanza sote tuko salama. Waziri amepata kikohozi cha vumbi la uwanjani, amekunywa asali. Mavazi nimeyafua na kuyapiga pasi, mwenye basi atakuletea Jumanne. Shati ya yule anayeigiza kaka nimeiacha na doa, inafaa.

Siku ya opera watu walianza kukaa saa saba, wakati ulisema saa tisa. Kutoka Nyanza-Lac yalikuja mabasi mawili yamejaa, wengi ni wale waliorudi kutoka makambi ya wakimbizi Tanzania. Wanakwaya wa Dusabe walikuja na wazazi wao. Waislamu wa mtaa wetu walikaa upande wa kivuli kwa sababu walifika mapema. Yule baba wa dosie alikuwepo. Alisimama getini akiwaonyesha watu pa kukaa, hakuna aliyemtuma. Nilimwambia umempa kazi.

Walipoanza kuimba watu walicheka kidogo, siyo kwa ubaya. Walishangaa mwanamke kuimba "weka maji jikoni." Baada ya dakika kumi walizoea, wakawa wanamjibu. Yule anayeigiza dada alipoimba kwamba ndugu yake aliondoka wakati wa vita na hajui kama yuko hai, nilisikia mpaka mashine ya kukamua mawese ikipoa kiwandani.

Halafu yule kaka akaja akabisha mlangoni. Akaimba jina lake. Dada alikuwa ndani, ameshika komeo. Mara mbili huko nyuma walikuja watu wakijifanya ndugu yake ili wachukue nyumba, kwa hiyo anaogopa. Ulimwacha pale muda mrefu, Nasiri, mkono juu ya komeo, haimbi, ngoma peke yake inapiga. Mimi nilishona gauni lile na nilijua mwisho wake, na bado nikaogopa.

Mama mmoja wa Nyanza-Lac, mwenye mwavuli, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anazungumza na jirani, "Mufungulie, dada. Ni yeye." Mwingine upande wa pili akasema, "Asifungue, amuulize jina la mama yake kwanza." Wakaanza kubishana. Watu ambao hawajuani, Wakristo kwa Waislamu, waliokimbia na waliobaki, wanabishana juu ya komeo la mbao ulilolipigilia misumari Ijumaa. Kisha wakaungana wote, uwanja mzima, polepole, bila kelele: "Mufungulie. Mufungulie." Nadhani ninyi nyuma ya ukuta mlisikia kama upepo.

Waziri alikuwa amenyanyuka kutoka kwenye kiti. Nilimshika mkono wa kanzu nimuketishe, watu wa nyuma waone. Nilivuta na hakukaa, nikavuta tena, nikamgeukia nimwambie, na ndipo nilipoona kwamba nyuso zetu ziko kimo kimoja, kwa sababu mimi nami nilikuwa nimesimama.

Shangazi yako,
Asiya